Usiishie kwenye idadi ya mashirika

Ndugu, umeuliza sekta ya mashirika yasiyo ya faida ya Minnesota, jimbo la Marekani, ina ukubwa gani, na kama kuhesabu yaliyosajiliwa kunatosha. Hakutoshi hata kidogo.

Juu kuna vigogo. Mayo Clinic ya Rochester, mtandao mkubwa wa hospitali, ni shirika lisilo la faida, na mwaka 2023 iliingiza karibu dola bilioni 18. Kwenye orodha inahesabiwa moja, sawasawa na kikundi cha mtaani kinachogawa chakula. Na fedha hizo si za Minnesota peke yake, zimo za hospitali zake za Arizona na Florida. Ukizirundika zote kwenye jimbo moja umeshaharibu hesabu.

Chini ndiko hakuonekani vizuri. Shirika ambalo kwa kawaida mapato yake hayazidi dola 50,000 kwa mwaka linaruhusiwa kujaza Fomu 990-N, taarifa fupi ya kila mwaka kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: jina, anwani, kiongozi, basi. Matumizi yake huyaoni humo. Nyumba za ibada hazilazimiki kujaza hata hiyo. Mengine yalishakufa ila majina bado yamo, mpaka IRS iyafute kwa kupitisha miaka mitatu mfululizo bila kujaza.

Mimi ningeanza na ajira na mishahara, huku hospitali na vyuo nimeviweka kando. Kisha fungua Fomu 990 kamili, yaani taarifa ndefu za mwaka, za mashirika makubwa, ziko mtandaoni bure, uangalie sehemu ya mapato: ada za huduma ni kiasi gani, michango kiasi gani. Kwa hospitali, michango huwa kidogo mno ukiilinganisha na bili za wagonjwa.