Mbwa kukatwa mguu kwa saratani ya mfupa: yatakayokutesa wewe, na yatakayomtesa yeye

Pole sana mkuu. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana Rottweiler dume, miaka 8, kilo 46. Alichechemea mguu wa mbele wa kushoto wiki sita, akawa anachomwa sindano za kuteguka, mpaka eksirei ikaonyesha mfupa umeliwa juu kidogo ya kifundo. Jibu limekuja osteosakoma, yaani saratani ya mfupa. Alhamisi mguu unatolewa mpaka begani. Anasema mbwa anakula vizuri tu, yeye ndiye hali wala halali. Anauliza moyo autulize vipi, watoto awaambie nini, na swali la mwisho ambalo nimelipenda: dume asiye na mguu wa mbele atakojoaje?

Hapo una misiba miwili umeifunga kwenye kanga moja. Kuna wa mguu na kuna wa saratani. Wa mguu ni wako zaidi kuliko wake, na una mwisho, wiki tatu nne hivi. Wa saratani ni wa nyumba nzima na hauishi Alhamisi. Ukiililia yote kwa mkupuo utauogopa upasuaji kana kwamba ndio kifo, halafu utautarajia umalize kitu ambacho hauwezi kukimaliza. Upasuaji huu kazi yake ya kwanza ni kuondoa maumivu. Basi.

Kwanza hatia, maana ndiyo inayowakesha watu: "ningempeleka mapema." Kwenye ugonjwa huu, zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wanakuwa na chembe za saratani zilizokwishasafiri siku uvimbe unapogunduliwa, hata kama mapafu yanaonekana safi kwenye picha. Zile wiki sita hazikuamua hatima yake. Kilichopotea ni wiki sita za dawa nzuri ya maumivu. Hilo linauma, lakini ni kosa la ukubwa mwingine. Wengine mjifunze hapa: mbwa mkubwa wa makamo akichechemea wiki mbili bila nafuu, dai eksirei, usikubali sindano nyingine. Angalia hasa mahali saratani hii inapopenda kukaa: mguu wa mbele ni mbali na kiwiko, yaani juu ya kifundo au karibu na bega; mguu wa nyuma ni karibu na goti.

Halafu ulizia hizo sindano zilikuwa za nini. Kama ni deksamethasoni au steroidi nyingine, mwambie daktari wa upasuaji leo, na tarehe ya mwisho. Steroidi na dawa za maumivu kama karprofeni au meloksikamu zikikutana zinaweza kutoboa tumbo la mbwa. Na usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya binadamu, hata nusu kidonge. Kila mtaa una mtu atakayekushauri hivyo kwa nia njema.

Sasa mtazame anavyosimama bila kumwita. Mguu ule anaugusisha chini kwa ncha, au ameuning'iniza kabisa, uzito ameuhamishia kulia. Kwa maana nyingine ameshaanza kutembea kwa mitatu, ila wa nne bado unamchoma usiku na mchana. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowauliza wenye mbwa 64 waliokatwa mguu. 58 walisema tabia ya mbwa wao haikubadilika. Ukubwa wa mwili peke yake si kizuizi. Vizuizi vya kweli ni nyonga au magoti mabovu kwenye miguu inayobaki, ugonjwa wa neva, unene wa kupindukia, na mapafu ambayo tayari yanaonyesha vivimbe. Kwa Rottweiler, nyonga ziulizwe kwa jina, maana ubovu huo wa nyonga ni wa kawaida kwao.

Kabla ya Alhamisi muulize daktari mambo manne, na uyaandike, kwa sababu mtu mwenye majonzi hasikii vizuri. Kifua kimepigwa picha za pande tatu au moja? Chembe za kugandisha damu ni ngapi? (Huku kwetu homa ya kupe imejaa, nayo huzishusha kimyakimya, mbwa anaonekana mzima, kumbe akipasuliwa damu haikati.) Neva zitapigwa ganzi kabla ya kukatwa? Na nani anabaki naye usiku wa kwanza? Kliniki nyingi usiku anakuwepo mlinzi tu. Kama ni hivyo, heri upasuaji uwe asubuhi na mpange mtu wa zamu.

Nyumba yako ina vigae, umesema. Vigae ndivyo vitakavyomwangusha, si kukosa mguu. Tandika njia moja isiyokatika kutoka anapolala hadi mlangoni hadi uani: mazulia ya mpira, mikeka ya plastiki iliyogandishwa pembe kwa gundi ya karatasi, chochote kisichoteleza. Mkate kucha, punguza na manyoya katikati ya vidole. Ziba ngazi. Bakuli liinue kwa kitu imara mpaka usawa wa kifua, maana mbwa wa aina yoyote hubeba kama asilimia 60 ya uzito mbele, na kwa huyu sehemu kubwa ya mzigo huo itaangukia mguu mmoja wa mbele. Akiinama mpaka sakafuni anajikuta ameangukia pua. Kanga iliyokunjwa mara nne inatosha kumsaidia kuinuka, lakini ipitishe tumboni nyuma ya mbavu, mbali na jeraha, na isimbane uume. Mjaribishe leo akiwa bado na miguu yote, asije akaishangaa siku anaumwa.

Zulia likiwa tayari, jiandae na wewe kuona. Omba kliniki wakutumie picha ya jeraha kabla hujaenda kumchukua. Atakuwa amenyolewa kuanzia shingoni mpaka katikati ya mgongo, mstari wa nyuzi mrefu kama kiganja na nusu au zaidi, ngozi ya zambarau. Mshtuko huo upate ukiwa umekaa kwenye kiti chako, usiupate mbele yake huku anakutazama usoni.

Usiku wa kwanza nyumbani anaweza kuhema, kulialia na kukutazama kama hakujui. Mara nyingi ni dawa kali za usingizi na maumivu zinamtoka kichwani, lakini piga simu uulize, usikae kukisia. Chakula anaweza kukisusa siku moja au mbili. Mpe kuku wa kuchemsha akiwa na uvuguvugu, bila kitunguu. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku tatu hata tano. Mkojo usichelewe: saa 24 zikipita bila mkojo, mpigie daktari.

Siku ya tatu mpaka ya tano ndiyo ya kuizungushia duara jekundu kwenye kalenda. Dawa kali za hospitali zimeisha, uvimbe na weusi wa damu vinateremka kifuani na tumboni, mbwa analala kanuna, na wewe utasema kwa sauti: "Nimemfanyia nini mnyama wa watu?" Karibu kila mwenye mbwa hufika hapo. Ile huzuni yake mara nyingi ni dozi haitoshi. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, kwa kawaida huanzia kama miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8. Kwa kilo 46 ni takriban 400 hadi 500 kwa mara moja, na wako wanaotoka kliniki wameandikiwa 100. Mpigie daktari muipitie pamoja, usijipandishie mwenyewe, na usiikatishe ghafla. Gabapentini ya maji ya binadamu iepuke isipokuwa umesoma chupa: baadhi zina zailitoli, sukari ya bandia ambayo ni sumu kwa mbwa.

Kuna maumivu ya mguu usiokuwepo, na haya ndiyo yanayovunja watu moyo. Mbwa amelala, ghafla anaruka kwa mlio, anageuka kutazama bega au kulilamba, nyama za pale zinatetemeka, halafu dakika mbili baadaye ametulia. Si wazimu wala si mateso ya siku zote. Neva zilizokatwa bado zinapiga simu kwenye nyumba iliyobomolewa. Rekodi kwa video, andika saa, mpelekee daktari. Kwa kawaida hupungua wiki hadi wiki.

Maji yakijikusanya chini ya jeraha kama puto laini lisilouma, usitoboe. Yatanyonywa yenyewe au daktari atayatoa kwa usafi. Cha kukimbiza hospitali ni fizi nyeupe, joto zaidi ya 39.5 (la kawaida ni 38 hadi 39.2), usaha, nyuzi kuachia, au kushindwa kabisa kusimama. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Mpaka hapo ni matembezi ya dakika tano tano, mara nne au tano kwa siku, hakuna kukimbiza paka wala kurukia geti. Na mbwa wenzake wakae kando. Kuna wanaomnusa tu, kuna wanaomvamia.

Kosa la huruma: kumbeba kila anapotaka kuinuka. Mguu wa kulia unahitaji kupata nguvu, na hauzipati ukiwa hewani. Mhesabie mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujainama. Kosa la pili la huruma ni kumlisha. Ugali mkubwa na vipande vya nyama kwa sababu "maskini anaumwa", miezi miwili baadaye ana kilo 50 kwenye mguu mmoja wa mbele. Mbavu zake uzisikie kwa kiganja bila kubonyeza.

Watoto waambie leo, si Ijumaa, na tumia neno lenyewe: mguu una ugonjwa unaomuuma sana, daktari atamlaza asisikie, ataukata, atarudi na mitatu. Usiseme "atapona kabisa", maana wataikumbuka. Wakiuliza kama atakufa, jibu ni kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na kwamba mtawaambia mkijua. Wape kazi: mmoja maji, mwingine kuandika saa za dawa.

Watu wazima ni wagumu zaidi. "Hela yote hiyo kwa mbwa? Si umchome sindano ununue mtoto wa mbwa?" Huna haja ya kuwashawishi. Chagua sentensi moja, kama "tumeshaamua na daktari wake", irudie bila kuiongezea chumvi, na umtafute mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli usiku. Kwa kiingereza lipo jukwaa la Tripawds, la wenye mbwa na paka wa miguu mitatu. Picha na video zake zitakusaidia kuliko maneno yangu.

Sasa ule msiba wa pili. Kukata mguu peke yake, nusu ya mbwa hufika kama miezi minne au mitano. Wakiongezewa kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, nusu hufika karibu miezi 10 hadi 12, na wachache, kama mmoja kati ya watano, hupita miaka miwili. Nusu maana yake nusu nyingine wanavuka hapo, kwa hiyo tarehe hiyo usiiweke kwenye kalenda. Kemo ya kawaida ni karboplatini kwenye mshipa, kila wiki tatu, mara nne hadi sita. Mbwa wengi hawanyonyoki manyoya. Siku za hatari ni kuanzia ya 10 hadi ya 14 baada ya dozi, kinga ikiwa chini, na siku tatu za kwanza kinyesi na mkojo vishikwe kwa glavu, wajawazito na watoto wakae mbali. Usipoimudu, hujamsaliti. Mguu uliotoka bado umemtoa kwenye maumivu.

Picha ya kifua hurudiwa kila miezi miwili au mitatu. Wiki ya kabla ya picha utakuwa mkali kwa watu bila sababu. Waambie nyumbani mapema. Omba miadi ya asubuhi, siku ya kazi, majibu siku hiyohiyo. Ijumaa jioni ni muda mbaya wa kusubiri simu.

Kila Jumapili mpe alama, 0 (mbaya kabisa) hadi 10 (nzuri kabisa), kwa vitu saba: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kipimo hiki ni cha Dkt. Alice Villalobos wa Marekani. Jumla ikiwa juu ya 35 kati ya 70, maisha yake bado yanabebeka. Anza sasa, ukiwa na akili timamu, mkubaliane na mkeo ni kitu gani kikikoma ndiyo siku ya kumwita daktari aje na sindano ya mwisho: labda kutokuja getini akisikia gari lako. Kiandikeni.

Kuhusu kukojoa: akiinua mguu wa nyuma atabaki na miwili, na siku za mwanzo ataanguka nao ubavuni akiwa anakojoa, na atakutazama kama wewe ndiye uliyemsukuma. Msogeze karibu na ukuta, upande wa bega lililokatwa, aegemee. Wengi baada ya wiki chache ama hujifunza kuchuchumaa kama jike, ama huinua mguu nusu tu. Mfute tumbo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu baada ya kila mara, jeraha lisilowe.