Maswali yenu ya uraia: kadi ya NIDA, mtoto wa ughaibuni na mume mgeni

Nina kadi ya NIDA, lakini nilipokwenda kuomba pasipoti niliambiwa nilete cheti changu cha kuzaliwa na cha mzazi. Kwani kadi haionyeshi kuwa mimi ni Mtanzania? (Msomaji, Tanga)

Peke yake haitoshi, na afisa hajakuonea. NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, husajili makundi matatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Ile namba ya tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, wala haisemi baba au mama yako ni nani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, nacho kinathibitisha umezaliwa wapi na lini, basi. Mtoto wa mgeni aliyezaliwa Muhimbili anapewa vilevile. Ndiyo maana Uhamiaji huviweka vyote mezani na kuvisoma pamoja, cha mzazi kikiwemo.

Hapo ndipo majina huwaangusha wengi. Cheti kinasema Mwanaidi Juma Hamisi, kadi inasema Mwanahidi J. Khamis, cha darasa la saba kinasema Mwanaidi Hamis. Mtaani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watatu. Usikimbilie kubadili kila kitu kifuate kadi kwa sababu tu ndiyo unayotembea nayo. Anza na cheti cha kuzaliwa, maana vingine vyote vimezaliwa na hicho. Kama tofauti ni ya herufi tu, mara nyingi hutosha kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha unakipeleka ofisi ya NIDA ya wilaya warekebishe. Ukiwa unabadili jina lenyewe, kiapo hakitoshi: utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Mzazi aliyezaliwa zamani hana cheti? Usajili wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na ukipita miaka 10 maswali huongezeka. Kusanya mapema kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule na barua ya mtendaji. Kwa aliyezaliwa Unguja au Pemba, mlango si RITA bali Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa Zanzibar. Vyeti vya kuzaliwa kila upande una vyake, ila uraia wenyewe ni jambo la Muungano.

Nimezaliwa Kigoma, na baba kazaliwa Kigoma, lakini babu alitoka Burundi. Mimi ni nani? (Msomaji, Kigoma)

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinamhesabu kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini tangu Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, isipokuwa watu wachache kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Ila ukifika kaunta, unaulizwa uraia wa mzazi. Maandishi yanasema hivi, utaratibu unakwenda vile, na watu wa mipakani ndio wanaoumia. Tunaona ni jambo la kusawazishwa kwenye sheria, si la kumwachia afisa wa zamu.

Kwako wewe, jambo la kwanza ni kujua babu aliingia lini na kwa hadhi gani. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, walipewa uraia wa tajnisi (ule anaopewa mgeni aliyeomba) na vyeti vikatolewa kuanzia 2014. Kama baba yumo, tafuta cheti chake kabla ya kingine chochote. Kama hayumo, peleka maombi kwa maandishi na uombe ujibiwe kwa maandishi. Jibu la mdomo huwezi kulikatia rufaa.

Nimekaa Tanzania miaka minane. Je, naweza kuomba tajnisi? (Msomaji, Arusha)

Inategemea miaka minane ipi. Sheria inataka miezi 12 mfululizo ndani ya nchi kabla tu ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya ukaazi isipungue miaka saba. Kwa hiyo aliyekaa minane bila kutoka anaingia: mmoja wa mwisho, saba ya nyuma. Ukitoa likizo ndefu za nyumbani na mwaka wa masomo nje, hesabu haifiki tena.

Zaidi ya hapo kuna tabia njema, Kiswahili au Kiingereza, mchango wako kwa nchi na nia ya kuishi hapa. Maombi hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hujadiliwa kuanzia ngazi ya chini kabla ya kufika kwa Waziri. Kinachoharibu mara nyingi ni vibali: kimoja kiliisha Machi, kingine kikaanza Juni, na ile miezi ya katikati haina karatasi. Panga nakala za vibali vyote kwa tarehe, uone mwenyewe pengo liko wapi kabla hajaliona mwingine.

Binti yetu alizaliwa Marekani, mwakani anatimiza miaka 18. Tufanye nini? (Wazazi, Houston)

Sasa hivi ana uraia wa pande mbili: wa Marekani kwa kuzaliwa pale, wa Tanzania kwa kurithi (kuzaliwa nje na mzazi Mtanzania), ilimradi mzazi mmoja ni raia ambaye naye hakuupata kwa kurithi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na vyote viwili. Akitaka kubaki Mtanzania anapaswa kuukana ule wa Marekani na kula kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, wa Tanzania unakoma.

Kuukana uraia wa Marekani hakufanyiki kwa barua, na mzazi hawezi kumfanyia mtoto. Mwenyewe anakwenda ubalozini au ubalozi mdogo, nje ya Marekani, anaapa mbele ya afisa. Na akishafanya, kurudi nyuma ni karibu haiwezekani. Huyo ni binti wa miaka 18. Mwacheni aamue mwenyewe, msimharakishe eti kwa sababu mnataka kumwandikisha kiwanja Kigamboni.

Tukigusa kiwanja: chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Serikali imeleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania ili kulegeza mambo kama hayo, lakini hadhi hiyo si uraia. Haimpi kura, wala ubunge.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni mgeni. Atapata uraia kwa ndoa? (Msomaji, Moshi)

Hapana, dada. Sheria yetu imempa nafasi hiyo mke mgeni wa Mtanzania. Mume mgeni anapita njia ya kawaida, kwa hesabu ileile tuliyompa wa Arusha. Kenya wamelimaliza hili kwenye Katiba ya 2010: mume au mke, miaka saba ya ndoa, anaomba. Watoto wenu msiwe na wasiwasi nao, uraia wa mama unawatosha.

Uraia una faida gani kwa mtu wa kawaida asiyegombea uongozi? (Msomaji, Mombasa)

Waulize majirani zako wa Kwale. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzeeka Kenya bila kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, huajiriwi rasmi. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na vitambulisho vikaanza kutolewa Februari 2017. Wapemba wanaoishi Pwani ya Kenya walisubiri hadi 2023. Kwao kilichouma zaidi ni leseni ya uvuvi, maana mvuvi asiye na kitambulisho alikuwa anakwenda baharini kama mwizi.

Pasipoti yangu imeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi mimi ni raia wa Jumuiya? (Msomaji, Bukoba)

Hakuna uraia wa Jumuiya. Wewe ni raia wa Tanzania mwenye pasipoti yenye muundo wa pamoja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inakuwezesha kuingia nchi mwanachama kutembea hadi miezi sita bila viza. Ukitaka kufanya kazi Kampala, kibali bado unaomba.