Kabla ya kulaumu mashine ya kupimia fosforasi

Nilipoajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha nondo, tukiyeyusha chuma chakavu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima fosforasi. Ikizidi, chuma hukatika badala ya kupinda, hasa kwenye baridi.

Anza na hesabu. Gramu 0.5 za chenga za chuma zenye fosforasi asilimia 0.03 zina miligramu 0.15 tu. Hiyo ndiyo unayoigeuza kuwa rangi ya buluu kwa kemikali za molibdeti na haidrazini, ukaisoma kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, karibu na nanomita 825. Uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu.

Majibu yangu yalikuwa juu, na hayafanani. Nikabadilisha taa ya mashine. Bure. Fundi mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, vyombo unaoshea nini?" Sabuni ya unga! Ile yetu ilikuwa na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Tangu hapo vyombo vya fosforasi nimevitenga, havionjeshwi sabuni: asidi ya hidrokloriki ya moto, halafu maji yaliyokenekwa, mara tatu.

Kisha nikakosea upande wa pili. Niliyeyusha sampuli kwa hidrokloriki peke yake nikidhani asidi ni asidi, majibu yakashuka. Sehemu ya fosforasi ilikuwa inatoroka kama gesi ya fosfini, ambayo ni sumu pia. Tumia asidi ya nitriki, ndani ya kabati la kuvuta moshi, kisha tia permanganeti uchemshe. Molibdeti hushika fosforasi iliyokwisha kuwa fosfeti, iliyobaki haihesabiki.

Aseniki nayo hutoa buluu hiyohiyo, na chuma chakavu huja na mengi. Ukiishuku, ivukize kwanza kwa asidi ya hidrobromiki.

Kila mkupuo pitisha pamoja chombo chenye kemikali bila sampuli, na chuma chenye cheti ambacho kiwango chake unakijua. Cha kwanza kikiwa na buluu ya kuonekana kwa macho, mwaga vyote uanze upya, hata kama watu wa tanuru wanapiga simu kila dakika kumi. Mimi siku moja nilisita, nikatoa majibu hivyohivyo. Kesho yake nilikuwa natoboa sampuli zilezile upya kwa drili, msimamizi amesimama nyuma yangu.