Sandwichi ya yai na hemu wakati presha inapanda

Umeuliza kama uendelee na sandwichi ya yai na hemu kila asubuhi, ilhali daktari amekuambia presha imeanza kupanda. Ndugu yangu, yai halina shida. Yai moja kubwa lina kalori kama 70 na protini gramu 6 hivi. Kiini usikitupe, humo ndimo zilimo vitamini A na D.

Kasoro iko kwenye hemu. Nyama hiyo ya nguruwe huhifadhiwa kwa chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Vipande viwili tu vinaweza kukupa gramu 1.5, na hapo hujahesabu mkate, jibini wala tomato sosi. Tena mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, katika orodha ya visababishi vya saratani.

Mimi ningeiachia hemu Jumapili. Siku nyingine weka mayai mawili, nyanya na parachichi kwenye mkate wa ngano isiyokobolewa. Mafuta kijiko cha chai kinatosha. Wengine humimina utadhani wanachoma maandazi!