Daftari la Mangi na madeni ya Harry Dresden

Mwaka 2014 nilimaliza Skin Game, kitabu cha 15 katika mfululizo wa The Dresden Files wa Jim Butcher, nikakaa kusubiri kinachofuata. Nilisubiri miaka sita. Peace Talks kilipotoka Julai 2020 nilikianza usiku uleule, na kurasa chache tu mbele nikajikuta kama mtu aliyeingia msibani asimjue marehemu. Watu wanalia, mimi nauliza huyu ni nani. Nani anamdai nani? Huyu si alikufa? Nilikiweka pembeni, nikarudi kitabu cha kwanza, safari hii na kalamu mkononi. Yanayofuata ni yale niliyojifunza kwa kukosea. Kama hujasoma na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa, maana nitataja siri.

Kwa asiyemjua, Harry Dresden ni mpelelezi wa kujitegemea jijini Chicago, na ni mchawi. Sentensi hiyo ina shida yake kwa Kiswahili, kwa sababu mchawi wetu hana upande mwema. Mama aliponiuliza nasoma nini nikamwambia, akaguna. Nikabadilisha haraka: mganga mpelelezi.

"Anatibu nini?"

"Hatibu, mama."

"Sasa huyo ni mganga gani?"

Sina jibu mpaka leo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika kila kitu. Nilifungua jedwali kwenye kompyuta: majina, ndoto, unabii, rangi za macho, hata magari. Kufika kitabu cha nne nilikuwa na mistari zaidi ya 200 na sikuweza kutumia hata mmoja. Ndoto ya mhusika wa kupita ilikaa sawasawa na kiapo kilichotolewa mbele ya malkia. Ukiandika yote, hujachagua lolote.

Aliyenifungua macho ni Mangi wa dukani mtaani kwetu, ambaye hajawahi kumsikia Dresden. Nilikuwa nasubiri chenji nikaona daftari lake la mikopo limefunguka kaunteni. Jina, kitu, kiasi, tarehe. Aliyelipa anapigwa mstari. Basi. Sura ya mteja haimo, wala stori alizopiga akisubiri unga. Nikanunua daftari palepale.

Na kwa mfululizo huu daftari la madeni ndilo hasa linalohitajika, kwa kuwa ulimwengu wa Butcher unaendeshwa na deni. Wale Sidhe wake, ambao mimi huwaita majini kwa kukosa neno bora, hawawezi kusema uongo wa moja kwa moja, na ahadi inawafunga kama pingu. Katika Summer Knight (2002) Harry anagundua kwamba deni alilokuwa nalo kwa mama yake wa ubatizo, Leanansidhe, limehamishiwa kwa Mab, Malkia wa Majira ya Baridi. Wanakubaliana amalize kwa kumtendea Mab mambo matatu. La kwanza linaisha ndani ya kitabu hichohicho. La pili Mab analidai kwenye Small Favor, mwaka 2008, vitabu sita baadaye. Kama hukuandika, utadhani malkia kazuka tu na amri zake. Kama uliandika, umekaa vitabu sita ukijua kwamba siku yoyote mlango utagongwa, na kila Harry anapojiona huru unamsikitikia.

Safu ya pili niliyoiongeza ni ya vitu vinavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hapa ndipo penye utamu, na ningekuwa na nafasi ningeandika juu ya hili peke yake. Katika Grave Peril (2001) Bianca, mnyonya damu, anafanya karamu na kugawa zawadi. Harry anapewa jiwe la kaburi lenye jina lake, na wasomaji wote tunalikodolea macho jiwe hilo kwa sababu linatisha na linachekesha. Pembeni, Leanansidhe anapewa kisu cha kale. Nani aliangalia kisu? Mimi sikuangalia. Kwenye Dead Beat (2005) Harry anamwita Leanansidhe, anatokea Mab badala yake na kusema mtumishi wake huyo amefungwa. Kwenye Proven Guilty (2006) tunamwona Leanansidhe ndani ya barafu. Inabidi ufike Cold Days, mwaka 2012, ndipo uelewe kwamba kisu kile kilibeba maambukizi ya adui anayeingia ndani ya watu na kuwageuza. Miaka kumi na moja, kwa zawadi iliyotajwa kwa kupita. Tangu hapo mtu akipewa kitu, hata kikombe, naandika.

Sarafu ya Lasciel, malaika aliyeanguka anayekaa ndani yake, ni hivyohivyo: Harry anaifunika kwa kiganja kwenye Death Masks (2003) ili mtoto mdogo asiishike, na bili yake ya mwisho inaletwa Skin Game.

Tumia penseli pale unapoandika anachoamini Harry. Vitabu vyote vikubwa anasimulia yeye mwenyewe, na yeye ni mtu wa kukosea kwa sauti kubwa. Nilipoteza muda mwingi nikitafuta aliyempiga risasi mwishoni mwa Changes (2010), nikachora mishale kwa wino mwekundu, nikabishana na binamu yangu hadi tukanuniana wiki nzima. Ghost Story ikaja mwaka uliofuata: Harry mwenyewe ndiye aliyepanga auawe, kisha akamwomba Molly, mwanafunzi wake wa uchawi, amfutie kumbukumbu hiyo. Binamu alinitumia ujumbe wa neno moja, "Penseli." Nikanyamaza.

Hadithi fupi usiziruke. Zimekusanywa katika Side Jobs (2010) na Brief Cases (2018), na ile iitwayo "Aftermath" inaanza muda mfupi baada ya risasi ile, ikisimuliwa na Karrin Murphy, rafiki wa Harry wa upande wa polisi. Kumsikia Murphy akimwelezea Harry kunakuonyesha mengi ambayo Harry hajioni nayo.

Majibu anayotoa Butcher kwenye mikutano na mahojiano niliyapa kurasa za nyuma kabisa. Kilichochapishwa kitabuni kimekaa; kilichosemwa ukumbini mwandishi anaweza kukigeuza siku akifika sura husika. Ukichanganya hivyo viwili utaanza kuwakosoa wahusika kwa jambo ambalo hawajalifanya.

Binamu sasa ameazima daftari langu, na ameshalimwagia chai. Mistari mingi imepigwa, lakini mmoja uko wazi tangu Fool Moon, kitabu cha pili kabisa, 2001: ile mikanda iliyowageuza maafisa wa FBI kuwa mbwa mwitu, nani aliwapa? Huo niliuandika kwa wino. Mangi naye ana mmoja wa namna hiyo, kilo mbili za sukari, jina la mtu aliyehama mtaa zamani. Kila akinunua daftari jipya anauhamisha.