Jibu: Kwa nini mikaratusi inakatwa Karura?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mikaratusi inaondolewa katika msitu wa Karura, jijini Nairobi, ilhali nayo ni miti kama mingine. Utazame mkuyu mmoja uliozaa, mti wetu wa kiasili: hondohondo na kima hula matunda yake na kusambaza mbegu kwa kinyesi, na kila aina ya mkuyu hutegemea nyigu wake, mdogo kuliko punje ya mtama, ili kuchavusha maua yaliyofichika ndani ya tunda lenyewe. Mkaratusi, mgeni kutoka Australia, hunywa maji mengi na hauwalishi hao. Ndiyo maana miti ya kiasili hupandwa mahali pake, na mbega wakaletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua. Uzio uliozungushiwa msitu umesaidia, ingawa bila mwanamazingira Wangari Maathai kuutetea msitu huo mwaka 1999 dhidi ya waliotaka kujenga humo, nadhani leo tungekuwa tunazungushia uzio majumba.