Kuku Mnono Si Lazima Awe Mlafi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza juu ya mafuta ya kuku. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa swali lake ndilo lililonishughulisha tangu nilipoanza kazi ya kuzalisha mbegu za kuku.

Shikamoo Daktari. Kundi langu la mwisho la kuku wa nyama lilikuwa la vifaranga wa siku moja, banda moja, chakula kimoja. Siku ya kuchinja uzito wao ulilingana, lakini tulipowapasua wengine walikuwa na donge la mafuta tumboni la kujaza kiganja, na wengine utando tu. Kijana ninayefanya naye kazi anasema wale wanene ni walafi, wanawapokonya wenzao. Ni kweli? Na nifanyeje ili nipate wasio na mafuta mengi? — Mfugaji wa kuku wa nyama

Marahaba mwanangu. Usimlaumu kuku, wala usimlaumu kijana wako, maana hata mimi niliamini hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kuku wa koo mbili, yaani nasaba mbili, niwachunguze. Kila kuku alikaa kizimba chake, na kopo lake la chakula, na kila asubuhi mabaki yalipimwa. Siku ya kuwapasua nikatoa mafuta ya tumboni, yale yanayoizunguka firigisi na kushuka hadi karibu na tundu la haja, nikayaweka kwenye mizani kuku mmoja mmoja. Ukoo mmoja ulikuwa na mafuta mengi kupita mwingine, na mwili ni ule ule. Nikamwendea mzee aliyekuwa akiwalisha, nikamwambia amekosea kupima. Hakubishana. Alileta daftari lake, tukakaa chini tukajumlisha ukurasa kwa ukurasa mpaka jioni. Koo zote mbili zilikuwa zimekula sawa. Nilimwomba radhi mzee yule, na tangu siku ile sijamwita kuku mnono mlafi kabla ya kuona daftari.

Nilichokiona mimi kwa kuku wachache kilikuwa kimeshaonyeshwa kwa mpango mkubwa zaidi. Nchini Ufaransa, miaka ya 1970, Bernard Leclercq na wenzake walianza kuchagua kuku kwa mafuta ya tumbo katika umri wa wiki 9. Waliounda mafuta mengi wakazalishwa peke yao, waliounda kidogo nao peke yao, kizazi baada ya kizazi, mara 7. Wakapata nasaba mbili zenye uzito unaokaribiana na ulaji unaokaribiana, lakini nasaba ya wanono ilikuwa na mafuta ya tumbo zaidi ya mara mbili ya ile nyingine. Kama tofauti hiyo ingetokana na banda au na mkono wa mlishaji, isingewezekana kuijenga kwa kuzalisha tu.

Sasa yale mafuta yanatoka wapi, ikiwa chakula ni kimoja? Yanatoka kwenye ini. Nguruwe hutengeneza mafuta ndani ya tishu ya mafuta yenyewe. Kwa kuku kazi hiyo karibu yote iko kwenye ini. Wanga ukizidi mahitaji ya mwili, ini huugeuza kuwa mafuta, huyafunga pamoja na protini kuwa vifurushi vidogo mno ambavyo wataalamu huviita VLDL, kisha huviachia kwenye damu. Vikifika tumboni, kimeng'enya kiitwacho lipoprotini-lipesi, kinachokaa kwenye kuta za mishipa midogo, huvifungua na seli za mafuta hupokea mzigo. Kwa hiyo lile donge ulilolishika kiganjani ni ghala. Kiwanda ni ini, na ini la kuku wa nasaba nono hutengeneza na kusafirisha zaidi kwa chakula kile kile, wakati ndugu yake mwembamba anageuza sehemu kubwa zaidi ya protini anayokula kuwa nyama.

Jeni zinazoamua haya ni nyingi. Zipo za vimeng'enya vya ini vinavyojenga mafuta, zipo za protini zinazowasha vimeng'enya hivyo, zipo za kufunga vifurushi na za kuvipokea. Kila moja ina mchango mdogo. Mtu akikuambia kuna jeni moja ya unene wa kuku wa nyama, usimpe fedha yako. Lakini ukizijumlisha, nguvu yake ni kubwa: mafuta ya tumbo ni kati ya sifa za kuku zinazorithiwa kwa nguvu sana, na mara nyingi nusu au zaidi ya tofauti baina ya kuku wa kundi moja hutokana na vinasaba.

Ulafi wa kurithi nao upo, nisije nikaeleweka vibaya. Kule Virginia, Marekani, Paul Siegel alianza mwaka 1957 kuchagua kuku kwa uzito wa siku 56, wazito upande mmoja na wepesi upande mwingine. Vizazi vilipozidi 40, tofauti ya uzito ilifika mara 10 na kuendelea. Wale wazito hula bila kujizuia hadi inabidi wapimiwe chakula, na baadhi ya wale wepesi hawana hamu ya kula kabisa. Hao kijana wako angewaita walafi na asikosee. Wako walilingana uzito, ndiyo maana nautazama kwanza upande wa ini.

Kuhusu la kufanya: ikiwa unanunua vifaranga, vinasaba huwezi kuvibadilisha, lakini kiwanda unaweza kukipunguzia malighafi. Angalia uwiano wa nishati na protini. Chakula chenye nishati nyingi na protini pungufu, hasa kikikosa lisini na methionini za kutosha, ambazo ni vijenzi vya protini, humfanya kuku ashindwe kujenga nyama, na nishati inayobaki ini huigeuza mafuta. Umri nao una sehemu yake, kadiri unavyochelewa kuchinja ndivyo ghala linavyojaa, na mitetea hujaza haraka kuliko majogoo. Rudi kwenye daftari lako uone kama wale wanono wengi hawakuwa mitetea.

Ikiwa unazalisha mwenyewe, tatizo ni kwamba mafuta ya tumbo huonekana baada ya kuchinja, na aliyechinjwa hazai. Wazalishaji huchinja ndugu, kisha hutunza majogoo wa familia zilizotoka na mafuta kidogo. Hilo unaweza kulifanya kwako ukiwa na alama za miguuni na mizani ndogo. Njia nyingine ninaipenda kwa sababu ni nyepesi na inafuata mantiki ya ini. Colin Whitehead na Harry Griffin, huko Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1980, walichukua damu kidogo ya kuku aliye hai na kupima wingi wa VLDL kwa kuangalia jinsi majimaji ya damu yanavyokuwa na ukungu. Waliozalishwa kutoka kwa wale wenye VLDL kidogo walitoka wembamba.

Daktari, mimi ni mwanafunzi. Tumefundishwa kwamba mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini inayoiambia akili kuwa akiba inatosha. Je, kuku anayo? Vitabu vyetu vinapingana. — Mwanafunzi wa sayansi ya wanyama

Vinapingana kwa sababu vimeandikwa nyakati tofauti. Leptini iligunduliwa kwa panya mwaka 1994. Miaka michache baadaye ilitangazwa kwamba jeni yake imepatikana kwa kuku, lakini mfuatano uliotolewa ulifanana mno na ule wa panya, kiasi cha kuwatia watu shaka. Jenomu ya kuku, yaani orodha ya DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2004, jeni hiyo haikuonekana humo. Ubishi ukaendelea miaka mingi. Jeni halisi ya kuku ilikuja kuelezwa mwaka 2016. Ilikuwa imejificha katika sehemu ya DNA iliyojaa herufi G na C, ambayo mashine husoma kwa shida.

Kikubwa kwako ni hiki: kwa kuku jeni hiyo hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, si kwenye tishu ya mafuta. Hivyo usiihamishe habari ya panya moja kwa moja kwa kuku. Wala usisahau kwamba homoni kubwa inayotoa mafuta ghalani kwa ndege ni glukagoni, na kwamba insulini ina sauti ndogo kwao kuliko kwetu. Kitabu chako cha zamani usikitupe, ila andika pembeni ya ukurasa huo.

Je, mafuta ya njano yanaonyesha kuku mgonjwa au mzee? — Msomaji

Hapana. Unjano ni karotenoidi, rangi za mimea alizokula kuku zikayeyuka ndani ya mafuta. Asipozila, hana. Kwenye ngozi na miguu jeni nayo inaingia: iitwayo BCO2 hutengeneza kimeng'enya kinachovunja rangi hizo. Kuku aliyerithi kwa wazazi wote wawili aina ya jeni hiyo iliyozimika kwenye ngozi huhifadhi rangi na kuwa wa njano. Watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba aina hiyo haikutoka kwa kuku-mwitu mwekundu, ambaye ndiye babu mkuu wa kuku wetu, bali kwa kuku-mwitu wa kijivu. Nalipenda sana jambo hili, kwamba miguu ya kuku inaeleza ndoa ya zamani hivyo.

Daktari, mtetea wangu alitaga vizuri zaidi ya miezi 10, kisha akafa ghafla, kilemba kimepauka. Nilipompasua nilikuta mafuta kila mahali, ini la njano linalomeguka vidoleni, na damu iliyoganda juu yake. Nimesoma kwamba kuna kuku anayerithi kasoro ya kutotaga, mafuta yakabaki kwenye damu. Ndiye huyu? Niwaondoe dada zake? — Mama mfugaji

Pole sana, mama. Kuku unayemsema yupo, lakini huyu wako siye, na nitakueleza kwa nini.

Kuku anapokaribia kutaga, homoni ya estrojeni huliamuru ini litengeneze vifurushi vya mafuta kwa ajili ya kiini cha yai. Vuta damu ya mtetea anayetaga, iache itulie kwenye chupa ya kioo: majimaji yanayobaki juu yana weupe kama maji yaliyotiwa maziwa, ya jogoo hukaa angavu. Vifurushi hivyo hupita tumboni bila kufunguliwa na kuingia kwenye kiini kupitia mlango maalumu, protini inayovitambua. Kuku mwenye ile kasoro amerithi mlango mbovu. Yai halikui, mafuta hayana pa kuingia, damu inakuwa kama krimu. Jeni ya mlango huo iko kwenye kromosomu Z, moja ya kromosomu za jinsia, ambayo mtetea anayo moja tu na huipata kwa baba yake. Jogoo ana mbili, kwa hiyo anaweza kubeba kasoro akiwa mzima na kuwapa nusu ya binti zake. Lakini mtetea wa namna hiyo hatagi, au hutaga yai la nadra. Wako alitaga miezi 10, maana yake mlango wake ulifanya kazi.

Dalili ulizoeleza ni za ini lililolemewa na mafuta hadi likapasuka na kuvuja damu. Vinasaba vinachangia, na ndiyo maana baadhi ya nasaba huathirika zaidi, lakini kwa kawaida lazima pawe na chakula chenye nishati kupita kiasi na kuku asiyejongea. Usiwaondoe dada zake. Wapime uzito wiki hii, punguza nishati ya chakula kidogo kidogo bila kupunguza protini, na wape nafasi ya kutembea. Akifa mwingine, kabla hujagusa ini itazame ovari: ukikuta viini vya njano vya ukubwa tofauti vimepangana, mlango ni mzima. Niandikie ulichokiona.